Mkono Ukifa Ganzi Majini: Somo la Ziwa Chala

Shule zinapofungwa na watoto wanapoanza kuuliza, "Likizo hii tunaenda wapi?", jibu la familia nyingi za mjini huwa ni moja tu: Mombasa. Si jibu baya, kwani bahari haimchoshi mtu. Lakini ipo njia nyingine inayochepuka kutoka barabara kuu pale Voi na kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura, hadi mpakani Taveta. Karibu na mwisho wa njia hiyo liko ziwa ambalo hulioni hata uwe umbali wa kutupa jiwe, mpaka ufike ukingoni kabisa. Hilo ndilo Ziwa Chala.

Nakualika tulizuru pamoja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mahali hapa panastahili kuonwa. Ya pili inawahusu zaidi wanafunzi na wazazi wao. Siku hizi watoto wengi wa mjini wanafunzwa kuogelea, wengine wakiwa katika timu za shule na kufanya mazoezi kila juma. Miongoni mwao hakosi mmoja anayetoka majini akitikisa mkono na kusema, "Kocha, mkono umekufa ganzi." Aghalabu huambiwa apumzike kidogo kisha arudi majini, na hadithi huishia hapo. Chala ni mahali pazuri pa kueleza kwa nini hadithi hiyo haifai kuishia hapo.

SAFARI YENYEWE

Kutoka Nairobi hadi Voi ni kilomita zipatazo 330. Waweza kwenda kwa basi au kwa treni ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ila hakikisha umekata tikiti ya ile inayosimama Voi. Kutoka Voi hadi Taveta kuna kilomita kama 110 hivi, na leo barabara ni ya lami. Wanaoikumbuka ilivyokuwa zamani, ambapo msafiri alifika akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, watakwambia kwamba hiyo si neema ndogo.

Baada ya Voi, vilima vya Wataita vinasimama upande wako wa kulia vikiwa vimejitanda kijani. Ukishapita Maktau barabara inakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa hivyo usishangae ukiona ndovu wenye rangi ya udongo wakivuka bila haraka. Hapa pia ndipo palipopiganwa vita ambavyo vitabu vingi vya shule huvigusa kwa mstari mmoja. Reli ya kutoka Voi ilijengwa kuelekea huku wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili kubeba askari na mizigo. Mnamo Februari 12, 1916, majeshi ya Waingereza yaliushambulia mlima Salaita uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, yakarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi uliofuata walisonga mbele tena, na Wajerumani wakauacha mji wa Taveta ambao walikuwa wameuteka tangu Agosti 1914. Kilima cha Salaita bado kipo, kando ya barabara, na mtu asiyejua atadhani ni kichuguu kikubwa tu.

Kabla ya kufika, angalia jinsi unavyokaa garini. Wasafiri wengi husinzia wameegemeza kichwa dirishani, shingo imepinda, mkono mmoja umelaliwa au umetundikwa juu ya kiti cha mbele. Ukizinduka Taveta, vidole vinawasha kama vilivyoumwa na siafu. Hiyo ndiyo ganzi yenyewe tutakayoizungumzia. Kwa hivyo, msomaji, si jambo la waogeleaji peke yao.

ZIWA LILILOJIFICHA

Chala iko kaskazini mwa Taveta, chini ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Unapita katikati ya mashamba na vichaka vya miba, nchi ikipanda taratibu, wala hakuna dalili yoyote ya maji. Ghafla ardhi inakatika mbele yako. Chini, ndani ya shimo kubwa la volkeno lililozimika, kuna maji ya buluu iliyokolea, ambayo saa nyingine hugeuka kijani kulingana na jua na msimu. Kuta za mawe zinaizunguka bakuli hiyo pande zote, na mahali pengine zimepanda zaidi ya mita 100 kutoka kwenye maji. Asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kujikusanya, utauona Kibo ukiwa na kofia yake nyeupe, kana kwamba umewekwa pale kwa makusudi ya wapiga picha.

Ziwa lenyewe si kubwa. Eneo lake ni zaidi kidogo ya kilomita 4 za mraba. Ajabu yake iko katika kina, kwani katikati linazidi mita 90. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita juu ya maji hayo hayo, kwa hivyo ukuta unaoutazama ng'ambo ni nchi nyingine. Ndani yake wanaishi perege wa aina ambayo asili yake haipatikani kwingineko duniani, na ambao wataalamu wamewaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mnamo 1891 mwanamke Mmarekani, May French-Sheldon, alifika hapa na msafara wa wapagazi, akashuka hadi chini na kulizunguka ziwa kwa chombo cha kuelea alichokuja nacho. Mwaka wa 2016 wanasayansi walikuja na mitambo yao, wakatoboa tope la chini ya ziwa kwa zaidi ya mita 200. Kwa kuwa tope hilo limejipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, wanasoma humo habari za mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Lakini jambo ambalo ningependa ulishike zaidi ni hili: hakuna mto mkubwa unaoingia Chala wala unaotoka. Maji yake mengi ni ya mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, yakazama ardhini, yakapita gizani katika nyufa za mawe na kutokea ziwani. Kisha huondoka vivyo hivyo, chini kwa chini. Hata chemchemi zinazobubujika karibu na Taveta, kama zile za Njoro Kubwa, hutegemea maji ya chini ya ardhi yanayotoka upande wa mlima. Chemchemi ikipungua, mkulima mwenye busara hailaumu chemchemi. Hutazama juu, kule maji yanakotoka, na njiani yanakopitia.

HAYA SI MAJI YA KUOGELEA

Kabla sijaendelea, niseme wazi ili mzazi asije akaelewa vingine. Usiogelee Chala. Ziwa lina mamba. Mnamo Machi 2002 msichana kutoka Uingereza, aliyekuwa amekuja nchini kujitolea kabla ya kuendelea na masomo, aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea na wenzake katika ziwa hili. Maji hayo yanayong'aa kwa utulivu ndiyo hayo hayo.

Hata kama mamba wasingekuwepo, bado Chala lingekuwa darasa gumu kwa mwogeleaji wa kidimbwi. Katika kidimbwi cha shule kuna ukingo wa kushika kila baada ya mita 25, na upande mmoja miguu hugusa sakafu. Hapa ukuta wa shimo unaendelea kushuka ndani ya maji kama ulivyoshuka nje. Hatua chache kutoka mwambani, chini yako ni giza. Na ukishafika nje salama, bado kuna mlima wa kupanda kwa mikono na miguu kabla hujafika penye gari au mtu wa kukusaidia.

Sasa fikiria mwanafunzi ambaye mkono wake hufa ganzi baada ya dakika 20 za mazoezi. Kidimbwini hilo ni kero. Katika ziwa la kina, baharini nje ya mwamba, au mtoni, ni suala la uhai. Ndiyo maana nasema mkono wenye kasoro hutengenezwa kwanza nchi kavu na kwenye kidimbwi chenye msimamizi. Haupelekwi kujaribiwa kwenye maji yasiyo na mahali pa kusimama.

MAJI YA CHINI KWA CHINI, NA MISHIPA YA FAHAMU

Mkono wako nao una mikondo isiyoonekana. Mishipa ya fahamu inayokuwezesha kuhisi na kusogeza vidole huanzia shingoni, kwenye uti wa mgongo. Hushuka kando ya shingo, ikapita katika mwanya mwembamba ulio kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, pamoja na mishipa mikubwa ya damu ya mkono. Kisha hupita chini ya kwapa, mmoja ukazunguka nyuma ya kiwiko, mwingine ukapita kwenye kifundo cha mkono, hadi kwenye ncha za vidole.

Mshipa huo ukibanwa mahali popote njiani, ganzi husikika mwisho wa njia. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtoto anasema vidole vimekufa, mzazi anavisugua vidole na kuvipaka dawa ya kuchua, kumbe palipobanwa ni shingoni au begani. Ni sawa na kuichimbua chemchemi ya Taveta ilhali kizuizi kiko mlimani.

Vidole vyenyewe hukupa fununu. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata, mara nyingi mshipa umebanwa kiwikoni, au juu zaidi chini ya mtulinga. Ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda ni kwenye kifundo cha mkono, ama shingoni. Mkono wote ukiwa mzito na baridi, hasa unapouinua juu ya kichwa, chunguza ule mwanya wa chini ya mtulinga. Hizi ni fununu tu. Kazi ya kuthibitisha ni ya daktari.

KWA NINI KUOGELEA?

Tupige hesabu ndogo. Mwanafunzi akiogelea kilomita 2 katika kidimbwi cha mita 25, amekwenda na kurudi mara 40, yaani urefu wa kidimbwi mara 80. Tuseme kila urefu unamgharimu mapigo 20 ya mikono. Hayo ni mapigo 1,600, na kila bega limezunguka mara 800 kwa jioni moja. Ukizidisha kwa siku tatu au nne za juma, utaona kwamba kasoro ndogo haibaki kuwa ndogo.

Madaktari wawili wa Kanada, Kennedy na Hawkins, waliandika mwaka wa 1974 kuhusu maumivu haya na kuyapa jina la bega la mwogeleaji. Kano za begani husuguliwa na kubanwa kila mkono unapoinuliwa, zikavimba na kuuma. Maumivu ya bega na ganzi ya vidole si kitu kimoja, lakini mara nyingi hutembea pamoja, kwani bega lililochoka huinama mbele, na likiinama hupunguza nafasi ya mishipa kupita.

Makosa ya kawaida katika ule mtindo wa kupokezanya mikono ni haya. La kwanza ni kuuingiza mkono majini ukiwa umevuka mbele ya kichwa kuelekea upande wa pili. Mkono uingie mbele ya bega lake wenyewe. La pili ni kuanza kuingiza kidole gumba huku kiganja kimegeuzwa nje, jambo linalolisokota bega. La tatu ni kulala bapa kama ubao bila kuubiringisha mwili kidogo kushoto na kulia, hivyo bega linalazimika kufanya kazi yote peke yake. La nne ni kuinua kichwa kutazama mbele, shingo ikavunjika nyuma kwa saa nzima. Na la tano ni kupumua upande mmoja tu, ambapo shingo husokotwa njia moja mara mia kadhaa.

Wanaoogelea kwa mtindo wa kipepeo huinua mikono yote miwili kwa pamoja, na bega haliponi likikosa nguvu za mgongo. Mwenzetu Jason Dunford, aliyefika fainali ya mita 100 ya mtindo huo katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008 na kushinda dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi mwaka wa 2010, alionekana kama anayeruka bila jasho. Mtoto wa kidato cha pili anayemwiga bila kuandaliwa atalipa kwa bega.

Vipo pia vifaa. Vile vibao vya kuvaa viganjani ili kuvuta maji mengi humwongezea bega mzigo, na havifai kwa anayeanza wala kwa aliye na maumivu. Saa iliyokazwa kifundoni, au vazi la kuogelea lenye mikanda inayokata mabegani, vinaweza kuleta ganzi vyenyewe. Maji baridi nayo hufifisha vidole, lakini hiyo hushika mikono yote miwili na huisha mtu akipata joto.

TAZAMA NJE YA MAJI PIA

Mara nyingi kidimbwi hulaumiwa kwa kosa lililofanyika kwingine. Mtazame mwanafunzi wako asubuhi. Mkoba umejaa vitabu vya masomo yote, umetundikwa bega moja, na mwili mzima umeenda upande. Mkanda huo unakandamiza pale pale mishipa inapopita kuelekea mkononi. Darasani ameinamia dawati, nyumbani ameinamia simu, usiku amelala kifudifudi mkono ukiwa chini ya mto. Anapofika kidimbwini saa kumi jioni, mwanya wa chini ya mtulinga umeshabanwa tangu alfajiri.

Safari ya Chala yenyewe itakuonyesha jambo hili. Ukishuka kwenye njia ya mawe kuelekea majini ukiwa na begi zito, mikanda huvuta mabega nyuma na chini kwa muda mrefu. Wapanda milima na askari wanalijua tatizo hili: mkono hupoteza nguvu, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kwa hivyo gawanyeni mizigo, tumieni mikanda yote miwili, na mkanda wa kiunoni kama upo, ili uzito ukae nyongani.

UFANYE NINI?

Mkono ukifa ganzi ukiwa majini, usishindane nao. Geuka chali, jaza pumzi kifuani, acha masikio yazame na mwili uelee. Inua mkono mzima kuita msaada, kisha piga miguu polepole kuelekea ukingoni. Kila mtoto anayefunzwa kuogelea angefaa kulifanyia zoezi jambo hili mpaka alizoee, kabla ya kufunzwa kwenda kasi.

Ukishatoka, usirudi siku hiyo. Pumzisha mkono kwa siku chache, ukiendelea na mazoezi ya miguu ikiwa hayaleti ganzi. Usiushike ule ubao wa kuelea kwa mikono iliyonyooshwa mbele, kwani huko nako ni kuinua mabega. Jihadhari na desturi ya kumeza dawa ya maumivu ili kumaliza zoezi; dawa hunyamazisha kengele, haizimi moto.

Wakati wa mapumziko fanya mambo matatu kila siku. Simama ukiegemeza mgongo ukutani, kidevu kikirudi nyuma kidogo, uvute mabega nyuma na chini kwa kuhesabu hadi kumi. Simama mlangoni, weka mikono kwenye miimo, usogeze kifua mbele taratibu mpaka usikie misuli ya kifua ikivutika bila maumivu. Kisha funga kipande cha mpira kwenye nguzo, ukivute kuelekea mbavuni huku ukikaza misuli kati ya mabega. Zoezi lolote likileta ganzi, liache. Mtaalamu wa tiba ya viungo atakupangia mengine kulingana na hali yako.

Unaporudi majini, anza na umbali mfupi kuliko uliozoea, uongeze juma kwa juma wala si siku kwa siku. Omba kocha akutazame kutoka mbele, kwani ni kutoka mbele ndipo kosa la kuvusha mkono huonekana. Jifunze kupumua pande zote mbili. Na andika kwenye daftari: ganzi imeanza baada ya mita ngapi, kwa mtindo upi, kwenye vidole vipi, na imekaa kwa muda gani. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya "ulikuwa unauma uma tu."

MWENDE HOSPITALI LINI?

Zipo dalili zisizongoja likizo iishe. Mkono wa kushoto, au wowote ule, ukifa ganzi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au jasho la baridi, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, hasa akiwa mtu mzima. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, inaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ni muhimu. Mkono ukivimba, ukawa mzito na wenye rangi ya zambarau, na mishipa ikajitokeza begani na kifuani, huenda damu imeganda mshipani. Jambo hili huweza kumpata hata kijana mwenye afya anayetumia mabega sana, nalo ni la dharura. Vivyo hivyo ganzi inayofuata kuruka majini na kugonga kichwa: msimgeuzegeuze mtu huyo shingo.

Yako pia yasiyo ya dharura lakini yasiyofaa kupuuzwa. Ganzi inayodumu zaidi ya majuma mawili licha ya kupumzika, inayomwamsha mtu usiku, au inayoambatana na kuangusha vikombe na kushindwa kufunga vifungo vya shati, inahitaji daktari. Mtu mzima mwenye ganzi mikononi na miguuni apimwe sukari. Na ganzi yenye baka lisilo na hisia kwenye ngozi isifichwe kwa aibu. Ukoma bado upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Wazazi na makocha nao wana wajibu wao. Mtoto akisema mkono umekufa, asiambiwe ni mvivu. Anayejua kwamba ataadhibiwa kwa kusimama hatasimama, naye siku moja atayanyamazia maumivu hayo mahali pasipo na ukingo wa kushika.

UKITAKA KWENDA

Kama umeshawishika kuizuru Chala, lala Taveta au Voi ili ufike ukingoni alfajiri. Siku za soko kubwa la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na hapo utapata ndizi, vitunguu, maharagwe na nguo za mitumba kutoka pande zote mbili za mpaka. Chukueni mwenyeji awaonyeshe njia. Bebeni vitambulisho, maji ya kunywa, kofia na viatu vya kushika vizuri kwenye mawe. Watoto wasikimbie karibu na ukingo, wala msishuke hadi majini bila mwenyeji anayejua mahali salama. Kaeni mbali na mstari wa maji. Mamba hakai katikati akikungoja umfuate.

Na kwa wewe mwanafunzi unayefanya mazoezi, tazama maji hayo yaliyokuja kutoka mlimani bila mtu kuyaona njiani. Kisha ukirudi nyumbani, kabla ya kuvilaumu vidole, anza kutazama juu: kiwiko, bega, mtulinga, shingo, mkoba wa shule na jinsi unavyolala. Tiba huanzia huko. Safari njema.